Herufi Kumi za Kumrudisha Mama Nyumbani Mapema

Mama mwenzetu, je, umewahi kuona kosa la mikono yako likisomwa na mtu aliyefiwa? Sisi tumewahi.

Tuko akina mama wanne tunaojitolea katika ofisi ya kanisa letu hapa Mwembesongo, mjini Morogoro. Wawili ni walimu, mmoja anauza vitenge, na mmoja, ambaye ndiye aliyeshika kalamu hii kwa niaba ya wenzake, ni muuguzi. Ijumaa moja jioni tulikuwa tukiandaa ratiba ya mazishi ya mzee wa mtaani kwetu. Kama wafanyavyo wengi, hatukuanza upya. Tulifungua kwenye kompyuta ratiba ya msiba wa mwezi uliotangulia, tukawa tunafuta jina la marehemu yule na kuandika la huyu, mahali pamoja baada ya pengine. Saa nne ya usiku ilitukuta bado tunasukuma kipanya huku na huko mezani. Waume walikwisha kupiga simu mara mbili, na watoto wadogo walikwisha kulala bila kutuona. Tukachapa nakala haraka haraka, tukafunga mlango, tukaondoka.

Kesho yake, katikati ya ibada, mjane alifungua ukurasa wa tatu. Pale kwenye wasifu lilikuwapo jina la marehemu mwingine. Aliyekuwa akisoma wasifu alijikwaa, akarekebisha kwa mdomo, akaendelea. Mjane hakusema neno. Aliweka kidole chake juu ya jina lile, akalifunika, na hakukiondoa kidole mpaka wasifu ulipokwisha kusomwa.

Baada ya matanga tulikwenda kumwomba radhi, naye alitusamehe. Lakini tuliporudi tulijiuliza: kosa lilitoka wapi? Hatukuwa wavivu. Tulikuwa tumechoka, na uchovu ule ulitokana na kufanya kwa saa nne kazi ya saa moja. Binti wa mmoja wetu, aliyekuwa nyumbani akisubiri kuanza chuo, alituuliza kwa upole, "Kwani mama, hamkubonyeza Ctrl na H?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumetumia kompyuta ile kwa miaka sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua jambo hilo.

NJIA YA MKATO NI NINI?

Hapa Morogoro njia ya mkato haihitaji maelezo marefu. Akina mama wanaoteremka kutoka milima ya Uluguru na vikapu vya ndizi na mboga hawafuati kila kona ya barabara ya gari. Wanashika kijia wanachokijua, na wanafika sokoni mapema. Anayeijua njia hiyo hakimbii. Anatembea mwendo wake ule ule, ila safari yake ni fupi.

Kompyuta nayo ina vijia vyake. Ukitaka kunakili maneno kwa kutumia kipanya, ambacho wengi tunakiita mausi, unaondoa mkono kwenye kibodi, unatafuta mshale kwenye kioo, unaupeleka mahali panapohusika, unabonyeza, unachagua, kisha unarudisha mkono kwenye kibodi na kutafuta ulipoishia. Kwa njia ya mkato unashikilia kitufe kimoja, unagusa kingine, na kazi imekwisha. Tuseme kila safari ya mkono kwenda kwenye kipanya na kurudi inachukua sekunde 3, na jioni moja unafanya safari 400. Hizo ni sekunde 1,200, yaani dakika 20 za kusafirisha mkono tu.

Jambo hili si geni kama linavyoonekana. Mama zetu waliosomea uhazili na kupiga chapa kwa mashine walijua kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kitufe cha Shift, kinachotupa herufi kubwa, kilianza kwenye mashine ya chapa ya Remington namba 2, iliyotoka mwaka 1878. Kwa hiyo mtu yeyote anayejua kuandika herufi kubwa kwenye kibodi tayari anajua nusu ya somo letu.

Na njia hizi zilitokana na kazi za kawaida za ofisini. Katika miaka ya 1970, mtaalamu mmoja Mmarekani aitwaye Larry Tesler alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California. Yeye na mwenzake Tim Mott walitengeneza programu ya kuandikia kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya kuchapa vitabu. Zamani wahariri, walipotaka kuhamisha aya, waliikata kwa mkasi na kuibandika mahali pengine kwa gundi. Ndiyo sababu mpaka leo kompyuta inasema "kata" na "bandika". Baadaye Tesler alihamia kampuni ya Apple, na kwenye kompyuta yao iliyoitwa Lisa, ya mwaka 1983, kazi hizo zilipewa herufi Z, X, C na V. Tazama kibodi yako: herufi hizo nne zimefuatana katika safu ya chini, upande wa kushoto. Mkono mmoja unazifikia zote bila kuhama. Tesler alifariki mwaka 2020, lakini kila siku vidole vya watu duniani kote vinapita pale alipopachagua.

HERUFI KUMI KWA KISWAHILI CHETU

Kilichotushinda mwanzoni ni kwamba herufi hizi zilichaguliwa kwa kufuata maneno ya Kiingereza au umbo la herufi. Basi tukakaa na yule binti, kila herufi tukaitafutia neno letu la kuikumbuka. Kwa zile tisa za kwanza, shikilia kitufe kilichoandikwa Ctrl, kilicho pembeni chini kushoto, kisha gusa herufi mara moja na kuachia.

S ni Salama. Inahifadhi kazi yako. Mara ya kwanza kompyuta itakuuliza jina la faili na mahali pa kuliweka. Baada ya hapo inahifadhi kimyakimya. Umeme ukikatika, kilichohifadhiwa kipo. Sisi tumejizoeza kuigusa kila tunapomaliza aya, na kila mtu anapobisha hodi mlangoni.

Z ni Zamani. Inarudisha mambo yalivyokuwa kabla ya kosa. Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii: kutendua. Ukifuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya, usilie wala usiguse kitu kingine. Gusa Ctrl na Z. Ukigusa tena, inarudi hatua nyingine nyuma.

C ni Chukua. Inachukua nakala ya maneno uliyoyatia alama, na yenyewe yanabaki pale pale.

X ni Mkasi. Kiswahili hakina neno linaloanza na X, lakini tazama umbo lake: ni mkasi uliofunguliwa. Inakata maneno kutoka yalipo ili uyahamishe.

V ni Visha. Unauvisha ukurasa yale uliyoyachukua au kuyakata.

A ni Andiko lote. Inatia alama kila kitu kilichomo, tangu mwanzo hadi mwisho.

F ni Fukua. Inatafuta neno. Andika jina la mtu, na katika orodha ya watu mia tatu kompyuta itakuonyesha alipo.

H ni Hariri kote. Katika programu za kuandikia kama Word, na za hesabu kama Excel, inabadilisha neno moja kuwa jingine kila mahali lilipo. Hii ndiyo ambayo ingemwepusha mjane wetu na aibu ile.

P ni Piga chapa. Inafungua mlango wa kuchapa karatasi.

L ni Linda. Hii haitumii Ctrl. Shikilia kitufe chenye picha ya dirisha, kilicho katika safu ya chini kabisa, kisha gusa L. Kioo kinajifunga papo hapo, wala hakifunguki bila neno la siri, ikiwa umeliweka. Kazi yako inabaki ilivyo.

Anayetumia kompyuta ya Apple ashikilie kitufe cha Command badala ya Ctrl. Herufi kwa sehemu kubwa ni zile zile, ila H na L zina utaratibu wake huko.

Kwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa tunaongeza moja ya zawadi. Katika Excel, ukiwa chini ya safu ya michango, shikilia kitufe cha Alt na uguse alama ya =, kisha bonyeza Enter. Jumla inajiandika yenyewe. Ila angalia: kama katikati ya safu kuna chumba kitupu, kompyuta inaweza kujumlisha sehemu ya chini tu. Hakikisha imezungushia namba zote kabla ya kubonyeza Enter, maana fedha za kikundi ni jasho la watu.

HERUFI HIZI ZINA HATARI ZAKE

Tusingekuwa waaminifu tukikusifia wepesi tu. Kama ilivyo dawa, kila kitu chenye nguvu kina kipimo chake.

Tuanze na H. Tuseme marehemu wa ratiba ya zamani aliitwa Ali, na huyu wa sasa anaitwa Juma. Ukiamuru kompyuta ibadilishe "Ali" kuwa "Juma" kila mahali, itatii bila kufikiri. "Alikuwa" itageuka "Jumakuwa", na "alizaliwa" nayo haitapona. Kwa hiyo badilisha jina kamili, la kwanza pamoja na la ukoo, au iambie kompyuta ikuonyeshe moja moja wewe ukikubali au kukataa. Tena kumbuka kwamba marehemu wa zamani huenda aliitwa "Mzee" ukurasa mmoja, "Baba" ukurasa mwingine, na jina la ukoo peke yake ukurasa wa tatu. Ukimaliza kubadilisha, Fukua kila jina la zamani, mpaka kompyuta iseme halipo.

Z nayo ina mipaka. Haiwezi kuurudisha ujumbe uliokwisha kutumwa. Na aghalabu, ukishafunga faili, hatua za nyuma zimepotea.

C na V ndizo tunazoziogopa zaidi sisi wauguzi. Vituo vingi vya afya sasa huandikisha wagonjwa kwenye kompyuta, na takwimu za vitabu vya MTUHA nazo huishia humo. Mama mjamzito wa kwanza ana kilo 58, wa pili anaingia, foleni ni ndefu, na maelezo yao yanafanana. Mkono unashawishika kuchukua ya yule na kumvisha huyu, kwa nia ya kubadilisha kidogo. Lakini shinikizo la damu la mtu mmoja likibaki kwenye kumbukumbu za mwingine, atakayesoma kesho ataliamini. Sisi tumejiwekea sharti: anwani ya kituo, jina la wilaya na maneno ya kawaida, hayo nakili upendavyo. Kipimo cha mwili wa binadamu kiandike upya kila mara, ukitazama kilipoandikwa.

Na L, ile ya Linda, haina hatari yoyote isipokuwa kuisahau. Fikiria muuguzi anainuka kumpokea mtoto mwenye degedege, na nyuma yake kioo kinabaki wazi kikionyesha majibu ya mama mmoja wa kliniki. Jirani yake ameketi pale kwenye benchi. Dakika moja inatosha kuvunja ndoa, au kumfanya mama yule asirudi tena kuchukua dawa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kila anayeshika habari za watu hana budi kuziheshimu. Lakini hata pasipo sheria, siri ya mtu ni amana. Mwalimu mwenye matokeo ya watoto na mweka hazina mwenye orodha ya wadaiwa nao pia wana amana hiyo. Kabla ya kuinuka kitini, Linda.

TULIVYOJIFUNZA BILA KUCHANGANYIKIWA

Siku ya kwanza tulitaka kuzijua zote kumi. Tulitoka na vichwa vinavyouma. Kisha tukajipangia utaratibu ufuatao, ambao tunaupendekeza kwako.

Kwanza, herufi moja kwa wiki. Wiki ya kwanza ni S peke yake, maana ndiyo inayookoa kazi. Wiki ya pili ni Z, maana ndiyo inayoondoa hofu. Mtu akishajua kwamba kosa linatendulika, anathubutu kujaribu.

Pili, karatasi ndogo. Tuliandika "S Salama" kwenye kipande cha karatasi tukakibandika pembeni mwa kioo. Wiki ikiisha, karatasi inabandikwa nyingine.

Tatu, kukiweka kipanya kando kwa dakika kumi. Kila tulipokaa kazini, dakika kumi za kwanza kipanya kilikaa kwenye droo. Mwanzoni tulikuwa polepole kuliko kawaida, na mmoja wetu alitaka kukata tamaa. Vumilia. Vidole hujifunza kama vilivyojifunza kufuma: mara ya kwanza unahesabu kila kishimo, baadaye unafuma huku ukiongea.

Nne, kufanya mazoezi kwenye faili lisilo na thamani. Andika orodha ya mahitaji ya jikoni, kisha ikate, ivishe, itendue, upendavyo. Usijifunzie kwenye hesabu za kanisa.

Tano, na hili lilikuwa gumu kuliko yote, kukubali kufundishwa na mtoto. Wengi wetu tuna watoto wanaojua mambo haya, lakini tunaona haya kuwauliza. Tunaogopa watatucheka. Yule binti hakutucheka. Aliingia, akasema "Shikamooni", akaketi kando, na kila tulipokosea alisema, "Rudia tu mama, haiumi." Nasi tulimlipa kwa kumfundisha kupika kisamvu cha karanga, ambacho hakukijua. Watoto wakiona kwamba mama naye bado anajifunza, nao hawaoni haya kuuliza wasichokijua.

MKONO NA MACHO

Kwa kuwa aliyeandika ni muuguzi, hatuwezi kumaliza bila neno la afya. Kushika kipanya saa nyingi bila kupumzika kunaweza kuleta maumivu ya kiganja, kifundo na bega. Njia za mkato hupunguza safari hizo, lakini vidole navyo huchoka. Usikunje kifundo cha mkono kwa nguvu kuifikia herufi ya mbali. Tumia mikono yote miwili. Ukihisi ganzi au maumivu yasiyoisha, nenda kituo cha afya, usijipake mafuta tu na kuendelea.

Kwa macho, kuna desturi rahisi inayofundishwa na wataalamu: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Sisi tunatazama dirishani, juu ya mapaa ya mabati, hadi Uluguru. Wewe utazame mwembe wa jirani.

MUDA ULIOPATIKANA UNAKWENDA WAPI?

Hili ndilo swali kubwa kuliko herufi zote. Mtu aweza kujifunza kufanya kazi haraka, kisha akaongezewa kazi nyingine, akarudi nyumbani saa ile ile ya usiku. Hapo atakuwa amefaidika nini?

Sisi tuliamua kuugawa muda huo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kusoma tena. Ratiba ikishakuwa tayari, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuatisha kwa kidole, jina kwa jina, kabla ya kugusa P. Kompyuta haijui nani amefariki. Sisi tunajua. Fungu la pili ni la nyumbani, nalo halikopeshwi. Saa kumi na mbili jioni mlango wa ofisi unafungwa.

Miezi michache iliyopita tuliandaa tena ratiba ya mazishi. Tulianza saa tisa alasiri, tukabadilisha majina, tukafukua la zamani hadi kompyuta ikasema halipo, tukasoma mara mbili kwa sauti. Hata hivyo tulikuta kosa moja: tarehe ya ndoa ya marehemu ilikuwa ya mtu mwingine. Tulilikuta kwa sababu tulikuwa na muda wa kulitafuta. Tukalirekebisha, tukagusa S, tukagusa P. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika majumbani, na mwenzetu mmoja alimkuta mtoto wake wa mwisho yuko macho, anamsubiri kibarazani.

Mama mwenzetu, usingoje semina. Anza wiki hii na S. Wiki ijayo, Z. Ukifika kwenye L, utakuwa umeshasahau kwamba uliwahi kuogopa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni kazi gani ya kompyuta inayokuchelewesha kurudi nyumbani? Ni herufi ipi kati ya hizi kumi ingeweza kuifupisha?

2. Je, kuna habari za watu unazozishika kazini au kanisani? Unazilindaje unapoinuka kitini?

3. Ni nani nyumbani kwako anayeweza kukufundisha, na wewe utamfundisha nini?